Loga na Begi Lake: Somo la Mapenzi Kutoka Benchi la Makocha

Kocha wa Kikroatia alikaa Msimbazi miezi minane tu. Lakini maisha yake ya mikataba yanafanana sana na ya wanandoa wengi vijana. Je, nyumba inaweza kusimama juu ya karatasi ya mwaka mmoja?

Huku kwetu Lushoto huwa tunapokea wageni wa aina mbili wanaofuata baridi: maharusi na timu za mpira. Maharusi wanashuka Mombo, wanapanda zile kona za Soni kilomita 30 na ushee mpaka mji unapochomoza katikati ya miti, na kesho yake utawakuta Irente wameshikana mikono ukingoni mwa jabali, wakitazama nyika iliyolala kule chini kabisa. Wakirudi wanapitia jibini na jemu kwenye shamba la Irente, wanapiga picha, basi, fungate imekamilika.

Timu nazo zinapanda barabara ileile, lakini kwa shida nyingine. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea joto la Dar akikimbia hapa alfajiri, ukungu haujaondoka, mapafu yenyewe yanamwambia ukweli. Halafu huku hakuna viwanja vya starehe vya kumtoa mchezaji kambini usiku. Maharusi wanakuja wawili wawili. Wachezaji wanakuja wameacha wake na wachumba nyumbani. Jabali ni lilelile, ila kwa mmoja ni fungate na kwa mwingine ni kutengana.

Julai 2015 ilikuwa zamu ya Simba kupiga kambi hapa. Kocha wao alikuwa Dylan Kerr, Mwingereza aliyekuwa beki wa kushoto enzi zake, akapita Leeds United na Reading, kisha akabeba Kombe la Scotland mwaka 1997 akiwa na Kilmarnock. Sasa naomba uhesabu na mimi. Kerr alikuwa kocha mkuu wa nne wa Simba ndani ya kipindi kisichotimia mwaka. Kabla yake alikuwepo Goran Kopunović, Mserbia. Kabla ya Kopunović alikuwepo Patrick Phiri wa Zambia. Na kabla ya Phiri, mpaka Agosti 2014, alikuwepo mtu ninayetaka tumzungumzie leo: Zdravko Logarušić kutoka Kroatia, ambaye mashabiki walimkata jina wakamwita Loga.

Najua utajiuliza, gazeti la mapenzi na maisha lina habari gani na kocha wa mpira? Subiri kidogo, ndugu msomaji. Ukimfuatilia Loga vizuri utaona ni habari yako na mwenzako.

LUGHA NI MOJA

Kwanza sikiliza jinsi tunavyozungumza. Mchezaji asiyetakiwa anatemwa. Mchumba asiyetakiwa naye anatemwa. Kocha anapigwa chini, na binti wa watu naye anapigwa chini. Kijana akipata mchumba mpya wenzake wanamwambia amesajili. Asiyepigiwa simu wiki nzima anakula benchi. Na yule wa pembeni, anayeitwa mambo yakiharibika, ndiye mchezaji wa akiba.

Hatukukopa maneno hayo kwa bahati mbaya. Kocha na klabu wanaanza kama wapenzi wanavyoanza: picha uwanja wa ndege, skafu shingoni, maneno matamu, kila mtu anaonyesha meno. Halafu zinakuja siku za kawaida. Na ndoa ya kocha ina wakwe wengi kuliko ndoa yoyote. Kuna wenyeviti, kuna wafadhili, kuna wanachama wa matawi, kuna redio asubuhi, na kuna watu 60,000 wanaojaa uwanja mkubwa wa pale Temeke wakiwa na maoni yao mfukoni. Hebu fikiria kila Jumamosi umati huo unakaa kujadili kama ndoa yako iendelee au ivunjwe. Ungelala?

FUNGATE YA LOGA

Loga hakuja Dar akiwa mgeni wa Afrika. Alishafundisha Ghana, akaja Nairobi mwaka 2012 kuinoa Gor Mahia. Kama mchezaji jina lake halikuvuma. Umaarufu wake aliutafuta kwenye ukocha, na aliutafutia huku kwetu. Alikuwa mmoja wa wimbi la makocha kutoka iliyokuwa Yugoslavia walioifanya Afrika Mashariki kuwa soko lao. Kabla yake Msimbazi walishampata Milovan Ćirković, Mserbia, aliyewapa ubingwa wa 2011/12 na kuipiga Yanga 5-0 Mei 2012. Yanga nao walishakaa na Kostadin Papić. Na Milutin Sredojević, yule Micho, alizunguka kuanzia Kampala mpaka Jangwani.

Watu hao wanatoka kwenye nchi zilizoshika mpira kama sisi tulivyoshika ugali. Kroatia yenyewe ilijitangazia uhuru mwaka 1991, haina hata watu milioni 4, lakini ilishika nafasi ya tatu Kombe la Dunia la 1998, ikafika fainali mwaka 2018, ikawa ya tatu tena 2022. Nchi ndogo ikiwa na makocha wengi kuliko timu, lazima wengine wafunge begi waende mbali kutafuta riziki.

Simba ilimchukua Loga mwishoni mwa 2013, baada ya kuachana na Abdallah Kibadeni. Msaidizi wake akawa Selemani Matola, nahodha wa zamani wa klabu hiyohiyo. Na jamani, fungate ilianza kwa kishindo. Desemba 21, 2013, kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba iliichapa Yanga 3-1. Amissi Tambwe alifunga mawili, Awadh Juma moja, na Emmanuel Okwi akaifungia Yanga la kufutia machozi. Msimbazi siku hiyo hapakulalika. Kwa shabiki wa Simba, kocha akimfunga Yanga hata kodi ya nyumba anaweza kulipiwa.

Upande wa pili mambo yalikuwa machungu. Mechi ile haikuwa ya ligi. Haikuwa na pointi hata moja. Lakini Yanga walimfukuza kocha wao, Ernie Brandts, Mholanzi aliyekuwa amewapa ubingwa wa 2012/13 miezi michache tu iliyopita. Kwa asiyemjua, Brandts aliingia kwenye historia ya Kombe la Dunia mwaka 1978 alipojifunga dhidi ya Italia, kisha katika mechi hiyohiyo akasawazisha yeye mwenyewe, Uholanzi ikashinda 2-1. Argentina walimpa muda wa kurekebisha alichoharibu. Dar es Salaam hawakumpa hata wiki.

Loga alikuwa upande wa wanaocheka siku ile. Nadhani kila mtu aliye kwenye mapenzi mapya angefaa kuutazama uso wa yule anayetoka mlangoni wakati yeye anaingia.

BAADA YA KEKI

Januari 2014 Simba ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikafungwa 1-0 na KCC ya Uganda. Kwenye ligi mambo yakawa ya kusuasua. Azam walichukua ubingwa wao wa kwanza bila kupoteza mechi hata moja, Yanga ya pili, Mbeya City, wageni kabisa wa ligi, wakawa wa tatu. Simba ya nne. Kwa klabu ile, kushika nafasi ya nne ni msiba.

Loga naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alijulikana Nairobi na Dar kwa ukali wa nidhamu na kwa kusema analoliona bila kulipaka asali. Mchezaji akicheza vibaya, atasikia. Kuna wanaoupenda ulimi wa namna hiyo, wanasema huyo ndiye mkweli. Lakini ukweli mchungu unahitaji mtu mwenye akiba ya upendo kwa mwenzake. Ukiwa umeshinda, ukali wako unaitwa msimamo. Ukifungwa, ukali uleule unaitwa kiburi. Wangapi tumeyaona haya majumbani? Mume aliyekuwa “mwanaume kweli” wakati mshahara unaingia anageuka “mkorofi” mshahara ukikata, na hajabadilika hata nukta moja.

Katikati ya 2014 nyumba yenyewe ilibadilisha wakubwa. Uchaguzi wa Simba ulimwingiza Evans Aveva kwenye urais baada ya zama za Ismail Aden Rage. Agosti 9, kwenye sherehe za Simba Day, mbele ya wanachama waliovaa nyekundu na nyeupe, timu ilichapwa 3-0 na ZESCO United ya Zambia. Ilikuwa mechi ya kirafiki, ya kutambulisha wachezaji. Siku iliyofuata kibarua cha Loga kilikuwa kimeota nyasi. Ligi haikuwa imeanza.

Ukiangalia vizuri utaona kitu. Aliingia kwa mechi isiyo na pointi akawa shujaa. Akatoka kwa mechi isiyo na pointi akawa si kitu. Katikati yake kulikuwa na miezi minane ya kazi ya kila siku, mazoezi ya asubuhi, vikao, safari za mabasi, na hiyo haikupimwa sana. Mapenzi yanayopimwa kwa siku za sherehe tu ndivyo yalivyo. Anayesahau zawadi ya siku ya kuzaliwa anahukumiwa, na aliyeamka usiku mwaka mzima kumpa mtoto dawa hakuna anayemhesabia.

ALIYEPANDA NA ALIYEVUNA

Sasa nikupeleke Nairobi, kwa sababu hapo ndipo habari ya Loga inaponigusa zaidi. Mwaka 2012 Gor Mahia walikuwa na kiu ya ubingwa tangu 1995. Loga akawaokota wakiwa hoi, wakapanda, wakapanda, mpaka siku ya mwisho ya ligi. Wakaukosa kwa pointi 1, Tusker wakabeba. Kombe la Rais wa FKF mwaka huohuo walilichukua, lakini lile la ligi, la machozi ya miaka 17, likapita puani.

Msimu wa 2013 ukaanza, na katikati yake Loga na Gor wakaachana. Akaja Mskochi Bobby Williamson, aliyekuwa ametoka kuifundisha Uganda. Mwisho wa msimu Gor wakawa mabingwa. Nairobi ikalia kwa furaha, Williamson akabebwa juu. Loga alikuwa hayupo kwenye picha.

Dunia ya makocha ni kijiji, nikuambie. Williamson huyo ndiye aliyekuwa kocha wa Kilmarnock ilipobeba Kombe la Scotland 1997, na beki wake mmoja wa siku hiyo ni huyuhuyu Dylan Kerr aliyekuja kupiga kambi Lushoto. Mwalimu alirithi kiti cha Loga Nairobi, na mwanafunzi akaja kukalia kiti cha Loga Dar.

Baada ya Msimbazi, Loga alirudi Nairobi, safari hii kwa AFC Leopards, watani wa Gor. Fikiria mtu anaoa nyumba ya jirani wa mtalaka wake! Akapita Angola, akapita Kumasi kwa Asante Kotoko, kisha akaichukua timu ya taifa ya Sudan. Mwanzoni mwa 2018 aliiongoza Sudan kwenye CHAN kule Morocco, wakamaliza wa tatu kwa kuitoa Libya kwa penalti. Mwaka 2020 akaenda Zimbabwe. Hakuanza vizuri, CHAN ya Januari 2021 walifungwa mechi zote tatu za makundi, lakini Machi 25, 2021 Zimbabwe iliifunga Botswana 1-0 ugenini na kukata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika.

Unajua kilichofuata? Septemba 2021 akafukuzwa. Januari 2022 Zimbabwe ilipoingia uwanjani Cameroon kwenye fainali zile, aliyekaa kwenye benchi alikuwa Norman Mapeza, nahodha wao wa zamani.

Mara mbili mtu analima, anapalilia, na siku ya mavuno anaitwa mwingine. Na si Loga peke yake. Joseph Omog, kocha Mcameroon wa ile Azam isiyofungika, alikuja baadaye Simba, akafukuzwa Desemba 2017, na miezi michache mbele Simba ikabeba ubingwa ilioukosa tangu 2012, kocha akiwa Mfaransa Pierre Lechantre. Kerr naye Simba walimtema Januari 2016, baada ya Mtibwa Sugar kuwatoa nusu fainali ya Mapinduzi. Aliondoka, akaenda Gor Mahia, akachukua nao ubingwa, na Juni 2018 akaifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya SportPesa pale Nakuru. Mtalaka wako akirudi mjini amependeza kuliko alivyokuwa kwako, si unajua inavyouma?

MKATABA HUKU KWETU

Nimeyaandika haya yote kwa sababu nyumbani kwangu Loga ni jina la kila siku. Mume wangu ni Simba wa damu. Mimi ni mtoto wa mkoa wa Tanga, kwa hiyo nilizaliwa nikiwakuta wazee wanasimulia Coastal Union na ubingwa wao wa 1988. Tunaishi kwa amani, ila siku za mechi redio inawekwa katikati ya meza.

Yeye ni fundi wa miradi ya maji, na miradi siku hizi inakwenda kwa mikataba. Mimi nina ajira ya kudumu hapa Lushoto, mshahara mdogo lakini una tarehe. Mwaka mmoja kampuni aliyokuwa nayo, jina lake naliacha, ilimsifia kwenye kikao mbele ya wenzake. Wiki ya pili yake ikaja barua: mkataba hautaongezwa. Alikaa nyumbani miezi mitatu. Hakuna aliyemzomea, lakini nilimwona akianza kuongea kwa sauti ndogo. Akaacha kwenda kijiweni kwa sababu kila anayekutana naye anamuuliza, “Vipi bwana, uko likizo?”

Halafu ikaja simu. Kazi nyingine, mwaka mmoja, upande wa Kigoma. Akataka twende wote.

Nikamwambia, “Baba, wakikutema miezi sita tutarudi wapi?”

Akanijibu kishabiki, “Mke wangu, kocha akiogopa kufukuzwa hatafundisha timu yoyote.”

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na haki. Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe ulipo, na ndiyo maana wanandoa wengi wanalimaliza kwa kununiana. Ningeacha kazi yangu, nyumba nzima ingening'inia kwenye karatasi moja yenye saini ya bosi tusiyemjua. Ningemzuia, angebaki hapa akinitazama kama mtu aliyemfungia mlango.

Tulizungumza siku nne. Tukakubaliana aende, mimi nibaki na watoto, na tukaweka tarehe ya kulijadili upya, mwezi wa tisa wa mkataba, hata kama mambo ni mazuri. Sikatai, umbali ni adhabu. Kuna usiku wa Juni huku Usambara ambapo blanketi mbili hazitoshi na mtu unayemtaka yuko Kigoma. Lakini alipokwenda alikwenda kichwa juu, na alijua kuna mlango ambao ufunguo wake hauko kwa bosi.

Wala si jambo geni kwenye milima hii. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na mwaka 1907 walianza kugawa kadi za kazi kwa wanaume wa wilaya yetu: siku 30 kwenye shamba la mzungu ndani ya kila miezi minne, utake usitake. Baadaye mikonge ya bondeni ikawavuta wengine wengi. Wanaume walishuka, wanawake wakabaki na mashamba ya mlimani. Bibi zetu walijua maisha ya mkataba kabla Msimbazi hawajaanzisha klabu. Tofauti ni kwamba wao hawakuulizwa. Sisi tunaweza kuulizana, na nadhani hiyo ndiyo nafasi tunayoichezea vibaya.

YULE ANAYEBAKI

Kwenye mpira kuna mtu mmoja ambaye huwa hapigwi picha uwanja wa ndege. Ni msaidizi mzalendo. Matola alikuwa pembeni ya Loga mwaka 2014, na miaka mingi baadaye ulimkuta kwenye benchi lilelile akiwa pembeni ya wageni wengine. Wao wanakuja na kuondoka, yeye anajua nani ana maumivu ya goti na nani ana matatizo nyumbani.

Au mtazame Juma Mgunda, aliyeichezea na kuifundisha Coastal Union yetu. Septemba 2022 Mserbia Zoran Maki aliondoka Simba baada ya muda mfupi sana. Nani akaitwa kuzima moto? Mgunda. Akaivusha timu mpaka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa Mbrazili Roberto Oliveira kuwa mkuu, Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Aprili 2024 Mualjeria Abdelhak Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa tena kwa Mgunda.

Kila nyumba ina Mgunda wake, yule wa kushika familia jingine likivurugika. Mara nyingi ni mke, lakini nimeona wanaume wengi pia ambao mke ndiye mwenye mikataba mikubwa na wao ndio wanaojua watoto wanavaa viatu namba ngapi. Swali langu ni hili: unamshukuru lini? Unamwita akiwa wa lazima tu, mambo yakinyooka unamrudisha benchi? Mtu anaweza kuvumilia kuwa wa akiba msimu mmoja. Maisha yote hapana.

KABLA HUJAFUATA MKATABA

Kama wewe au mwenzako mko kwenye kazi za mwaka mmoja mmoja, haya ni mambo ya kukaa na kuzungumza, tena mapema, mkiwa mmeshiba.

1. Nani anashika nyumba? Kazi mbili za mkataba kwa wakati mmoja ni hatari. Mmoja akipanda, mwingine ashike ngazi. Mnaweza kubadilishana zamu baadaye.

2. Wekeni akiba ya kufukuzwa. Ndiyo, iiteni hivyohivyo. Sisi tunaweka kidogo kila mwezi ambao mkataba unalipa, na hakuna ruhusa ya kuigusa kwa harusi ya mtu wala simu mpya. Lengo letu ni miezi mitatu ya chakula, kodi na ada.

3. Muwe na tarehe ya kikao. Msisubiri ugomvi. Kocha anajadiliwa baada ya kufungwa, ndiyo maana anafukuzwa kwa hasira. Nyinyi jadilianeni siku ya kawaida, hesabu zikiwa mezani.

4. Wakwe na marafiki wabaki jukwaani. Washangilie, wapige kelele wakitaka, lakini wasiingie chumba cha kubadilishia nguo. Siku mama yako anapoanza kukupangia lini mwenzako aache kazi, tayari una wajumbe wa kamati ya utendaji.

5. Akitemwa, mpe wiki ya kimya. Usimuulize “sasa tutafanyaje” siku ileile ya barua. Mpikie anachokipenda, mwache alale. Maswali yapo tu, hayaozi.

Na la nyongeza kwa wenye ulimi wa Loga: sema ukweli, lakini kila unapokosoa hakikisha kwenye akaunti ya wema kuna salio. Ukali bila salio hauvuki msimu mbaya hata mmoja.

Loga alipotemwa Dar alipata kazi Nairobi, kisha Luanda, Kumasi, Khartoum, Harare. Mtu wa namna hiyo simwiti aliyeshindwa. Kila alikokwenda aliacha timu inayojua kukimbia, hata pale kombe lilipobebwa na mwingine. Kazi inaweza kumalizika kwa barua ya mistari mitatu, na hilo hakuna mke wala mume anayeweza kulizuia. Mnachoweza kuzuia ni barua hiyo kuvuka kizingiti na kuwa barua ya nyumbani pia.

Kwa hiyo leo jioni, kabla taarifa ya habari haijaanza, zima simu umuulize mwenzako: wakinitema kesho, mimi na wewe tutaanzia wapi? Msikilize mpaka amalize. Jibu lake lina thamani kuliko mkataba wowote utakaosaini mwaka huu.